Pikipiki ya kilo 232 ilivyotuponyoka, na stendi tuliyochomelea kesho yake

Gereji yangu iko Isevya hapa Tabora mjini, na miaka kumi na minne sasa kazi yangu ni Boxer, TVS na Haojue za bodaboda. Kwa muda wote huo sikuwahi kukaa chini nikajiuliza pikipiki inanyanyuliwaje. Boxer inakuja na stendi yake kubwa ya katikati, unaikanyaga, unaivuta nyuma kidogo, tairi liko hewani, unaanza kazi. Kama stendi imekufa unaegemeza ukutani au unailaza juu ya gunia, watu wawili wanaibeba huku wanaongea habari zao. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwasababu siku ile nilibakiza kidogo sana nimvunje mguu dogo ninayemfundisha kazi, na nilipokaa kuchambua niliona hakuna kilichotokea kwa bahati mbaya, sababu zote zilikuepo mbele ya macho yetu kabla hatujagusa nati hata moja.

Ilikua kiangazi, mwezi wa saba, saa kumi jioni. Akaingia kaka mmoja wa Dar, ametoka Kigoma anarudi nyumbani kwa njia ya Itigi na Manyoni, yuko na Honda Africa Twin, ile CRF1000L yenye injini ya cc 998. Tairi la nyuma lilikua linavuja taratibu tangu Urambo, alijaza upepo pale na kimashine chake kidogo, akajaza tena njiani mara mbili, alipofika kwetu limekaa chini kabisa. Watu walijaa fasta kuangalia maana pikipiki kama ile haipiti mtaani kwetu kila siku. Yule kaka alikua mstaarabu sana, akasalimia kila mtu, akasema fundi naomba unisaidie pancha tu na unitazamie cheni, nilale hapa kesho niondoke.

Pancha tu. Na mimi nikaichukulia hivohivo.

Sasa niweke hesabu hapa maana ndio kiini cha jambo. Ile pikipiki ikiwa na ABS, yaani breki zinazozuia tairi lisijifunge, na mafuta kamili ni kilo 232. Tanki lake linaingia lita 18.8, ukijaza hayo mafuta peke yake ni kama kilo 14, na yako juu, sio chini. Bado alikua na masanduku mawili ya pembeni na begi refu la nyuma, sikupima ila kwa kubeba tu niliona haviko chini ya kilo 35. Boxer ni karibu nusu ya pikipiki yenyewe tupu. Kwahiyo nilikua nashika Boxer mbili zilizofungwa pamoja alafu zina mzigo juu, na ina shokapu ndefu, kiti kiko juu kunifika karibu na kiuno, maana yake uzito wote unakaa juu na ukianza kuinama haurudi. Boxer ikianza kuinama unaishika kwa mkono mmoja. Hii ukiiachia nyuzi chache tu imeshakushinda, na hapo nguvu za mikono hazisaidii kitu.

Na haina stendi ya katikati. Toka kiwandani ile modeli inakuja na stendi ya pembeni tu, ya katikati unanunua na kufunga mwenyewe kama unataka, na yeye hakufunga kwasababu alisema inaongeza uzito na inapiga mawe kwenye njia mbaya. Simlaumu kwa hilo, wengi wanafanya hivo. Ila mtu anayesafiri peke yake na tairi zenye tyubu ndani, pancha itampata tu, na siku ikimpata atahitaji tairi la nyuma liwe hewani, kwahiyo swali la stendi lilimsubiri njiani muda wote mpaka likamkuta kwangu.

Nilifanya nini? Nikachukua jeki ya chupa ya gari, nikaweka tofali la kuchoma chini yake maana jeki ilikua fupi, nikaisogeza upande wa kulia chini ya lile bamba la aluminiamu linalolinda injini, pikipiki imelalia stendi yake ya pembeni upande wa kushoto. Nikapampu. Tairi la nyuma likapanda kama inchi tatu. Dogo nikamweka kushoto ashike usukani. Mwenye pikipiki alikua nyuma anashika begi lake. Masanduku hatukutoa. Gia ilikua nyutro kwasababu alikua ameisukuma kuingia. Nikachukua spana ya nati kubwa ya tairi, nati ikagoma, nikavika bomba kwenye spana nipate urefu, nikakandamiza kwa mwili wote.

Nati ikaachia kwa kishindo kama zinavyoachia zote zilizokazwa vizuri. Lile tingisho likafika kwenye jeki, tofali likazama upande mmoja kwenye mchanga, kichwa cha jeki kikateleza kwenye bamba, pikipiki ikasogea mbele kama shubiri moja. Shubiri moja tu. Stendi ya pembeni ikajikunja yenyewe, na pikipiki ikaenda chini kushoto, kule aliko dogo.

Aliruka. Yaani ni kuruka kwake ndiko kulikomuokoa, mimi nilikua upande wa pili siwezi kufanya chochote na mwenye mali alishika begi likamvuta naye akaanguka magoti. Sanduku la kushoto ndilo lililopiga chini kwanza na likazuia pikipiki isilale yote, na mguu wa dogo ulipita kwenye hiyo nafasi, akatoka amechunika ngozi ya muundi kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Tulimpeleka kusafishwa kidonda, nikamwambia akae nyumbani siku tatu na hela yake ya kila siku nikampa. Mama yake alikuja jioni ile, akaniuliza kwa upole tu, "Baba, huyu mtoto utanirudishia akiwa na miguu yote?" Sikua na jibu nililoona linatosha. Ndio maana nilikaa usiku nikaanza kulichambua.

Uharibifu wa pikipiki ulikua mkono wa klachi kukatika nusu, kipande kilichobaki kinatosha vidole viwili, na indiketa ya kushoto kupasuka kioo. Bamba la chini lilibonyea pale jeki ilipokaa, alama ya duara kabisa.

Kuinyanyua toka chini nako ni somo. Kwanza mwenyewe alizima umeme, akasema jamani tusikimbilie. Tukatoa begi na lile sanduku la kulia lililobaki juu, tukaingiza gia ili isije ikatembea, tukaweka mtu upande wa pili wa kuipokea maana ukinyanyua kwa nguvu inapitiliza na kuanguka upande wa pili. Alafu yeye akageuka akaipa mgongo, makalio yamekaa kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani uliokunjwa mpaka mwisho, mkono wa pili kwenye bomba la nyuma la kufungia mizigo, akawa anatembea kinyumenyume kwa hatua fupifupi, nguvu inatoka mapajani. Sisi wawili tukasaidia. Ilisimama bila shida. Huyu mtu ana mwili wa kawaida kabisa na alisema peke yake huwa anaiinua hivo, ila kwa mgongo ulioinama mbele hata wanaume watatu wangeumia kiuno.

Sasa uchambuzi. Nilianza kwa kulaumu tofali, alafu nikalaumu mchanga, na hivo ndivyo watu wa gereji walivyoelewa kesho yake, kila aliyepita anasema ungeweka mbao isingetokea. Mbao ingesaidia, ndio. Ila nilivyoirudia picha kichwani niliona kuanguka kulianza na ile nati. Nilinyanyua kwanza alafu nikafungua nati, wakati ile nati inatakiwa iachiwe tairi likiwa chini, gia imeingia, mtu amekanyaga breki ya nyuma. Ukishaiachia robo mzunguko ikiwa chini, juu unaimalizia kwa vidole. Na kukaza ni hivohivo, unashusha kwanza ndio unakaza kwa nguvu. Kwa Boxer sijawahi kufuata huo mpangilio na sikuwahi kuadhibiwa kwasababu nati yake ni ndogo na stendi yake ya katikati imekaa miguu miwili mipana, inavumilia ujinga. Nguvu kubwa kuliko zote kwenye kazi ya tairi ni ya kuachia na kukaza ile nati, na mimi hiyo nguvu nimeipeleka kwenye pikipiki iliyosimama juu ya kichwa cha jeki kisichozidi sarafu mbili upana.

La pili ni stendi ya pembeni. Ile inafunguka kwa kusukumwa mbele na inajikunja kwa kurudi nyuma, kwahiyo pikipiki ikitembea mbele mguu unabaki pale pale ardhini na stendi inajikunja. Kila mwendesha bodaboda anajua usiiache kwenye mteremko imeangalia chini, ila hatukufikiria kwamba kwenye jeki ni kitu kilekile. Dawa yake ni rahisi mno: kipande cha mpira wa tyubu, zungushia mkono wa breki ya mbele pamoja na usukani mara mbili tatu, funga. Tairi la mbele limekufa, haisogei. Shilingi sifuri. Mpira wenyewe ulikua unaning'inia kwenye msumari ukutani mita moja toka nilipo.

La tatu ni pale jeki ilipokaa. Bamba lile linazuia mawe, halikutengenezwa kubeba pikipiki, ni laini na linateleza. Kwenye Africa Twin chesisi ni ya bomba za chuma zinazopita chini ya injini kulia na kushoto, hizo ndio zinabeba, na unatakiwa uweke kitu kinachozigusa zote mbili kwa pamoja, mbao pana au jeki ya pikipiki yenye mikono miwili. Ila usifikiri kila pikipiki kubwa iko hivo. BMW zile za mitungi miwili imetokeza kulia na kushoto, injini yenyewe ndio sehemu ya chesisi, ukitafuta bomba chini hulioni. Kwahiyo kabla ya kitu chochote piga magoti, chungulia chini na tochi, tafuta ekzosi iko wapi, nati ya kumwagia oili iko wapi, filta iko wapi, alafu ndio uamue. Mimi sikuchungulia. Nilisukuma jeki pale ilipoingia.

Mizigo nayo, na watu kujaa, hayo ni madogo na yanajulikana, toa mizigo, toa watu.

Sasa usiku huo swali likawa kesho tunainyanyua na nini, maana pancha bado iko palepale na mgeni amelala lodge anasubiri. Nikapiga mahesabu ya vitu vyote ninavyovijua. Kuna meza ya kunyanyulia ya haidroliki wanazotumia gereji kubwa za mijini, unapandisha pikipiki nzima mpaka kifuani, hiyo kwangu ni ndoto, inataka sakafu ya zege iliyonyooka na hela ambayo sina. Kuna jeki ya pikipiki ya kusukuma yenye mikono miwili, inashika chesisi, hiyo ni nzuri sana kwa mtu anayefungua shokapu, kwasababu ukinyanyua kwa chesisi tairi zote zinaning'inia na shokapu zinalegea. Ila inataka kufungwa kwa mikanda na hapa mjini niliulizia sikuipata. Kuna stendi ya katikati ya kiwandani ambayo kwa mwenye pikipiki ndio jibu bora kuliko yote, maana anatembea nayo, ila kwa usiku ule iko Dar au iko nje ya nchi.

Jirani mmoja akashauri tuininginize kwenye mwembe, si Tabora kila nyumba ina mwembe. Mzee mmoja fundi wa kuchomelea vyuma akakataa hapohapo. Mwembe unabeba maembe, alisema, tawi lake linaonekana nene alafu linakatika bila kutoa sauti. Nilimshukuru maana nilikua nishaanza kuangalia matawi.

Ikabaki stendi ya nyuma, ile ya mpini mrefu inayoshika uma wa nyuma, yaani vile vyuma viwili vinavyolibeba tairi kulia na kushoto, chini karibu na ekseli, unakandamiza mpini na tairi linapanda. Wengi tumeiona kwenye mashindano ya pikipiki kwenye TV. Nikamfuata mzee asubuhi saa moja, nikamwambia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nina kazi ya haraka na ni ya kubeba kilo 120. Akaniuliza swali ambalo mimi sikujiuliza jana yake: "Itasimama juu ya nini?" Hakuuliza chuma kwanza, aliuliza ardhi kwanza. Nikamwambia mchanga. Akasema basi tunachomelea vitu viwili, stendi na sakafu yake.

Kwanini kilo 120 na sio 232? Kwasababu tairi la mbele linabaki chini, na pikipiki ya namna hii uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Unanyanyua nyuma tu. Tukapima upana wa uma wa nyuma, tukapima kimo toka chini mpaka pale mikono ya stendi itakaposhika tairi likiwa na upepo, maana tairi lililokaa chini linakudanganya sentimita kadhaa, tukaongeza sentimita tano za kupanda. Chuma tulichukua skwea paipu ya inchi moja na nusu yenye ukuta mnene wa milimita 3, zile nyepesi za madirisha hapana kabisa. Tairi za stendi tukaweka beringi kubwa kuukuu, zile watoto wanafungia vigari vyao vya mbao. Mikono miwili ya juu ikawa inaingia ndani ya bomba na kufungwa kwa pini, ili upana ubadilike kwa pikipiki nyingine, na mwisho wa kila mkono tukakunja chuma juu sentimita nne kama kidole kinachozuia uma usiteleze kwenda nje, alafu tukavika kipande cha tairi kuukuu kusiwe na chuma kwa chuma.

Mpini tuliufanya wa sentimita 75 toka ekseli ya stendi, ile inayobeba beringi, na mikono mwanzoni inakaa sentimita 15 mbele ya ekseli hiyo. Hiyo ni tano kwa moja, kwahiyo kilo 120 kule zinakua kama kilo 24 mkononi kwako, ndoo ya maji ya lita 20 na kitu kidogo. Mtu yeyote mzima anaweza. Ndio maana nasema nguvu sio hoja, mwanamke mwenye duka la pembeni aliijaribu na akainyanyua bila kuguna.

Ila ya kwanza ilikataa. Mzee ana desturi, kitu cha kubeba hakitoki kwake bila kubebeshwa, akalaza gogo la mninga juu ya mikono na kupanga mifuko minne ya simenti, kilo 200. Tulivyokandamiza mpini ukafika chini vizuri, nikauachia, ukaruka juu kwa nguvu ungemvunja mtu taya. Tukaangalia kosa liko wapi. Mikono ikiwa imepanda ilikua inaishia wima kabisa juu ya ekseli ya stendi, haijapita. Siri ya stendi hii yote iko hapo: mikono inaanzia mbele ya ekseli, inapanda, na lazima ivuke na kulala nyuma kidogo, ndipo uzito wa pikipiki wenyewe unaukandamiza mpini ardhini na hauwezi kurudi mpaka uunyanyue kwa makusudi. Kama haijavuka, uzito uleule unautupa mpini juu. Mzee alikata, akachomelea upya na kurudisha nyuma sentimita tatu, tukabebesha tena simenti, nikatingisha na mguu, haikutikisika. Chuma, rodi na ufundi vilinifika elfu 85, na bila ile mifuko ya simenti kasoro hii ningeigundua chini ya pikipiki ya mtu.

Sakafu yake ikawa mbao mbili za mninga za inchi mbili unene zimeunganishwa, upana wa kama sentimita 80 na urefu wa mita moja na nusu, tukasawazisha mchanga kwa chepe na kumwagia maji kwanza. Beringi zinahitaji kitu kigumu cha kutembelea, kwenye mchanga zinazama na stendi inapinda upande mmoja.

Saa tisa mchana tukaanza upya. Niliomba watu wote wakae nje ya turubai, na wakakaa. Mizigo imetoka. Pikipiki ikasukumwa mpaka tairi la nyuma likawa katikati ya mbao, usukani umenyooka, mpira wa tyubu kwenye breki ya mbele. Gia ndani, mwenyewe akakanyaga breki ya nyuma, nikaachia nati robo mzunguko, ikatoa kishindo kilekile cha jana lakini safari hii pikipiki imekaa kwenye tairi zake mbili na stendi yake, haikujua hata kama kuna kitu kimetokea. Gia nikarudisha nyutro.

Alafu mwenyewe akasimama kushoto akaisimamisha wima toka kwenye stendi ya pembeni, mikono miwili, nyonga imegusa kiti. Hii hatua ndiyo inayotisha na wengi wanaikosea, wanaanza kukandamiza pikipiki ikiwa bado imeinama, mkono mmoja unagusa na mwingine hewani, inapanda imepinda na inateleza. Mimi nyuma nikasogeza stendi, nikachuchumaa kuangalia mikono yote miwili imegusa chini ya uma kwa pamoja, haijabana bomba la breki wala waya wa ABS, haijakaa kwenye bolti za kurekebishia cheni. Nikamwambia kaka usiachie mpaka niseme. Nikaweka mikono miwili kwenye mpini, nikasukuma chini taratibu huku naangalia kulia, kushoto, kulia. Unasikia pale inapovuka, mpini unakua mzito, mzito, alafu unakua mwepesi ghafla na kushuka wenyewe. Tairi likawa juu. Akaiachia kidole kimoja kimoja. Ilisimama kama nyumba.

Hata hivo tukaongeza kigogo chini ya zile bomba mbili za chesisi, hakibebi kitu, kinagusa tu, kwa ajili ya ikitokea. Tairi linapotoka nyuma panakua pepesi na uzito unahamia mbele, kwenye stendi hii ni salama maana tairi la mbele liko chini na limefungwa breki, ila kwenye stendi ya katikati ukitoa tairi la mbele pikipiki inaweza kukaa kitako nyuma, au ukitoa la nyuma ikalalia mbele, mizigo ikiwepo ndio kabisa. Kwahiyo kigogo kisikosekane.

Pancha yenyewe ilikua msumari wa inchi mbili. Tairi la ile ring ya 18 limeng'ang'ania rimu balaa, tukalilaza chini na kuleta Boxer ya dogo mmoja wa kijiweni, tukakanyagisha stendi yake ya pembeni kwenye ukingo wa tairi tukaiegemeza, uzito wa Boxer ukalibandua. Kiraka, gundi, upepo, nusu saa imeisha. Cheni nilitaka kuirekebisha palepale juu, mwenyewe akanizuia kwa heshima, akasema fundi kitabu chao kinasema ulegevu wa cheni upimwe pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Na ana haki, tairi likikaa tofauti na cheni inabadilika. Tukasogeza juu kwa makadirio, tukashusha, tukapima, tukarudia mara moja, ndipo nikakaza nati tairi liko chini.

Kushusha nako kuna hatari yake. Mpini ukiunyanyua ukafika pale pa kuvuka, uzito unautupa juu, kwahiyo uso wako usiwe juu ya mpini, miguu ipanue, shika mikono miwili mpaka mwisho, na aliyeshika usukani awe ameshashika kabla hujagusa chochote. Mpira wa breki ya mbele hautoki mpaka stendi imetoka na pikipiki imerudi kwenye stendi yake ya pembeni. Sisi tulitaka kuufungua mapema kwa furaha ya kumaliza, yule kaka ndiye aliyesema bado.

Aliondoka asubuhi iliyofuata na klachi ya vidole viwili. Nilikataa hela ya kazi, akamwachia dogo kitu kidogo kwa ajili ya mguu, na baada ya wiki tatu akanipigia kwamba ameagiza stendi ya katikati na akafunga. Akanielezea jinsi ya kuitumia ambavyo wengi tunakosea hata kwenye Boxer: usiivute pikipiki juu kwa mikono. Simama kushoto, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye kishikio cha nyuma, kanyaga kile kiguu cha stendi mpaka usikie miguu yake yote miwili imegusa ardhi, alafu panda juu ya kile kiguu kwa uzito wako wote kama unapanda ngazi. Mikono inaielekeza tu, uzito wa mwili ndio unaoinua. Nimejaribu kwenye Boxer ya mteja mwenye mzigo wa gunia na ni kweli, mgongo haukufanya kazi yoyote.

Stendi yetu bado ipo, imeshabeba pikipiki kubwa nyingine mbili na bodaboda zisizo na idadi ambazo stendi zao za katikati zimekatika. Kitu ambacho haiwezi ni tairi la mbele. Kwa mbele kuna stendi inayoshika chini ya shokapu na nyingine inayoingiza pini chini ya shingo ya usukani, hii ya pili ndiyo inayokuwezesha kutoa shokapu zenyewe, na zote mbili sheria yake ni moja, nyuma inapanda kwanza na inashuka mwisho, kwasababu stendi ya mbele peke yake haishikilii pikipiki isilale. Mzee ameshapima shingo ya usukani ya Boxer na ameanza kukata chuma. Dogo amerudi kazini, muundi umepona umeacha kovu, na yeye ndiye anayekandamiza mpini siku hizi. Kabla hajaugusa anaenda kwanza mbele kuvuta ule mpira wa tyubu kwenye breki, kuangalia kama umekaza.